Monita ya 4K Inapogoma Kwenye Hezi 30: Namna ya Kutafuta Kizuizi Kilipo

Monita ya 4K inayopokea picha kwa hezi 30 haijifichi. Mshale wa kipanya unajikokota na kurukaruka, dirisha linaloburutwa linaufuata mkono kwa kuchelewa, na maandishi yanayopandishwa au kushushwa ukurasani yanachosha macho baada ya dakika chache. Picha iliyotulia hubaki nzuri kabisa, na hilo ndilo linalowapoteza wengi: hudhani kompyuta imezidiwa na kazi, wakaiongezea kumbukumbu au wakafuta programu, ilhali tatizo liko kwenye njia ambayo picha hupitia kutoka kompyuta hadi monita.

Hezi, ambazo kwenye mipangilio huandikwa Hz, ni idadi ya mara ambazo picha nzima huonyeshwa upya katika sekunde moja. Monita ya ofisini kwa kawaida hufanya kazi kwa hezi 60, na zile zinazolengwa kwa wachezaji wa michezo ya kompyuta hufika 120, 144 au zaidi. Kasi utakayoipata huamuliwa na kiungo dhaifu kuliko vyote katika mnyororo wenye kadi ya grafiki, tundu la kompyuta, adapta au doki (kifaa cha kuiongezea kompyuta matundu) kama ipo, kebo, tundu la monita, na mipangilio iliyomo ndani ya monita yenyewe. Kila kiungo kina kikomo chake kinachojulikana, kwa hiyo namba unayoiona huelekeza mahali pa kuanzia kutafuta. Ushauri wangu, kabla ya mengine yote, ni kwamba usinunue kebo mpya kabla ya kuisoma namba hiyo.

Kusoma namba

Katika Windows 11, fungua Mipangilio, ingia System, kisha Display, kisha ukurasa uitwao Advanced display. Kama kuna skrini zaidi ya moja, hakikisha juu ya ukurasa umechagua ile inayokusumbua, kwa sababu Windows huonyesha taarifa za skrini moja moja na ni rahisi kutumia muda mrefu ukirekebisha ile isiyo na tatizo. Hapo utaona mistari miwili inayofanana lakini isiyo na maana moja. Desktop mode ni picha ambayo Windows inaitengeneza. Active signal mode ni ile inayosafiri kweli ndani ya kebo. Mistari hiyo ikitofautiana, kadi ya grafiki inaikuza au kuipunguza picha njiani, na unapaswa kuamini mstari wa pili. Chini yake kuna kina cha rangi kwa biti na mpangilio wa rangi, taarifa ambazo zitahitajika baadaye, basi ziandike mahali.

Kwenye ukurasa huohuo kuna orodha ya kuchagua kasi. Usishangae ukikuta kasi kubwa ipo na haijachaguliwa tu. Windows mara nyingi huanza na hezi 60 hata monita ikiwa na uwezo wa 144. Chagua kasi unayoitaka. Skrini ikiwa nyeusi usiguse kitu, maana mfumo utarudi wenyewe kwenye hali ya awali baada ya sekunde 15 usipothibitisha mabadiliko. Kwenye Mac, orodha ya kasi iko katika System Settings, sehemu ya Displays. Anayetumia Linux katika mazingira ya X11 aandike amri ya xrandr kwenye dirisha la amri. Kasi inayotumika sasa itaonyeshwa kwa alama ya nyota.

Kama kasi unayoitaka haimo kwenye orodha, fanya jaribio moja ambalo kwa maoni yangu lina faida kuliko mengine yote. Shusha ukubwa wa picha kutoka 3840 × 2160 hadi 1920 × 1080, kisha fungua orodha ya kasi tena. Hezi 60, au 120 kwa monita za michezo, zikijitokeza baada ya kupunguza pikseli, basi monita na draiva (programu inayoiongoza kadi ya grafiki) vinafahamiana vizuri, na kinachopungua ni nafasi ya kupitishia data: tundu, adapta au kebo. Zisipojitokeza hata hapo, acha kebo ilivyo na utazame draiva, mipangilio ya monita, au hali ya kurudufu skrini. Urudufu husahaulika sana. Kompyuta mpakato inapoonyesha picha moja kwenye kioo chake na kwenye monita ya nje, skrini zote mbili hulazimika kutumia kasi inayowezekana kwa zote, kwa hiyo monita ya hezi 144 hufungwa kwenye 60 za kioo cha kompyuta. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi P, kisha chagua Extend, au uchague kutumia skrini ya pili peke yake.

Kwa nini ni 30 hasa

Picha ya 4K ina pikseli 8,294,400. Ikionyeshwa mara 60 kwa sekunde, huku kila pikseli ikibeba biti 24 za rangi, data inakaribia gigabiti 12 kwa sekunde. Ukijumlisha vipindi vitupu ambavyo mfumo wa video huviweka kati ya mstari na mstari na kati ya picha na picha, HDMI, mojawapo ya njia kuu mbili za kuunganisha monita pamoja na DisplayPort, hudai takriban gigabiti 14.3. Sasa linganisha na njia zilizopo. HDMI 1.4, iliyotoka mwaka 2009, hutangazwa kuwa na gigabiti 10.2, lakini sehemu ya hizo hutumika kulinda usahihi wa mawimbi, na zinazobaki kwa picha ni 8.16 tu. Gigabiti 14.3 haziwezi kupita hapo. Nusu yake, yaani hezi 30, hupita vizuri. HDMI 2.0 ya mwaka 2013 ina 18 kwa jina na 14.4 kwa matumizi, kiasi kinachotosha hezi 60 kwa tofauti ndogo mno. DisplayPort 1.2, ambayo ni ya zamani kuliko HDMI 2.0, ina gigabiti 17.28 za kutumia.

Namba hizi ndizo chanzo cha kanuni ambayo ingeokoa fedha za watu wengi: kompyuta yenye matundu yote mawili, HDMI na DisplayPort, iunganishwe kwa DisplayPort kwanza. Jambo hili linawahusu sana wanaonunua kompyuta za mtumba zilizotoka maofisini, zenye prosesa za Intel za kizazi cha sita hadi cha nane. Grafiki za ndani za prosesa hizo hutoa HDMI ya kiwango cha 1.4, isipokuwa pale mtengenezaji alipoongeza chipu ya kubadilisha mawimbi. Lakini prosesa hizohizo hutoa DisplayPort 1.2 inayofikisha 4K kwenye hezi 60 bila shida. Lenovo ThinkPad T480 ni mfano mzuri: tundu lake la HDMI huishia hezi 30 kwa 4K, ilhali tundu la USB-C lililo kwenye kompyuta hiyohiyo hufika 60. Mwenye kompyuta hiyo anahitaji kebo ya USB-C kwenda DisplayPort, wala hana haja ya kompyuta nyingine.

Mwenye kompyuta ya mezani aangalie nyuma ya sanduku kabla ya kusoma zaidi. Kadi ya grafiki iliyonunuliwa kando ina matundu yake, ambayo hukaa chini, mbali na matundu ya ubao mkuu. Kebo ikichomekwa kwenye ubao mkuu, kadi hiyo haihusiki kabisa na kuipeleka picha kwenye monita, na kasi huamuliwa na grafiki za prosesa. Kadi za NVIDIA zina HDMI 2.0 tangu familia ya GTX 900 ya mwaka 2014, na za AMD tangu familia ya RX 400 ya mwaka 2016. Iliyo ya zamani kuliko hizo itumie DisplayPort.

Adapta, hab na doki

Adapta ndogo ya bei rahisi inayogeuza DisplayPort kuwa HDMI ni chanzo kingine kikubwa cha hezi 30. Nyingi ya adapta hizo hazina chipu ya kubadilisha mawimbi. Kompyuta ndiyo inayotoa mawimbi ya HDMI kupitia tundu la DisplayPort, na adapta huyasawazisha tu. Za aina hiyo huishia 4K kwa hezi 30. Inayofika 60 ni adapta yenye chipu ya kubadilisha, na kwa kawaida kifungashio chake hutaja wazi 4K pamoja na hezi 60. Kifungashio kinachosema 4K peke yake kimekwisha kukujibu.

Hab za USB-C, yaani vifaa vidogo vinavyogawa tundu moja kuwa mengi, zina hila ya namna yake. Kebo ya USB-C ina njia nne za kasi kubwa, na hab inayotaka kutoa matundu ya USB 3 kwa ajili ya diski na kadi za kumbukumbu huchukua njia mbili kati ya hizo, ikaiachia picha mbili. Kwa kompyuta yenye DisplayPort 1.2, njia mbili ni gigabiti 8.64, na unarudi palepale penye hezi 30 hata kama kila kitu kingine ni kipya. Kompyuta yenye DisplayPort 1.4 hupata gigabiti 12.96 kwa njia hizo mbili, zinazotosha hezi 60 kwa kubana vipindi vitupu. Ndiyo maana hab ileile huweza kutoa hezi 60 kwenye kompyuta ya mwenzako na 30 kwenye yako, na muuzaji akaapa kwamba ni nzima, naye akawa anasema kweli.

Dawa ziko mbili. Kwanza, jaribu kuunganisha monita moja kwa moja kwa kebo ya USB-C kwenda DisplayPort, bila hab katikati. Njia zote nne zitabeba picha. Pili, kama monita yenyewe ina tundu la USB-C pamoja na matundu ya USB ya kuchomekea vifaa, fungua menyu yake utafute kipengele kinachokuuliza uchague kati ya kasi ya data na ubora wa picha, au kati ya USB 3 na USB 2. Ukichagua ubora wa picha, matundu ya USB yatashuka kasi, na hezi 60 zitapatikana. Kwa mtu anayechomeka kibodi na kipanya tu, hasara hiyo haipo.

Doki inayohudumia monita mbili hugawa uwezo mmoja kwa zote mbili, na vilevile monita zilizounganishwa kwa mfuatano wa DisplayPort. Chomoa moja, uanzishe upya, utazame kama kasi ya nyingine imepanda.

Menyu ya monita yenyewe

Baadhi ya monita hutoka kiwandani zikiwa zimewekwa kwenye kiwango cha chini ili zikubaliane na vifaa vya zamani. Tumia vitufe vya monita kufungua menyu, kisha tafuta toleo la DisplayPort au la HDMI. DisplayPort ikiwa kwenye 1.1, ipandishe hadi 1.2 au 1.4. Upande wa HDMI watengenezaji hawakukubaliana jina; wengine huandika 2.0, wengine hutaja rangi za kina cha Ultra HD, na maana yake ni ileile. Soma pia maandishi madogo yaliyo karibu na matundu nyuma ya monita, kwa kuwa matundu mawili ya HDMI kwenye monita moja si lazima yawe na uwezo sawa.

Kisha kuna suala la utambulisho. Monita huipa kompyuta taarifa fupi iitwayo EDID, inayoorodhesha ukubwa wa picha na kasi inazoziweza. Taarifa hiyo ikipokewa vibaya, au ikikatwa na kifaa cha katikati kama kile cha kuunganisha kompyuta mbili kwa kibodi moja, kompyuta huchagua kasi ya tahadhari. Zima vyote viwili, chomoa waya wa umeme wa monita kwenye soketi kwa dakika moja au mbili, kisha washa monita kwanza na kompyuta baadaye. Kuzima kwa kitufe cha mbele hakutoshi, maana monita hubaki nusu usingizi. Bado hali ni ileile? Pakua draiva ya grafiki kutoka tovuti ya Intel, AMD au NVIDIA, au ya mtengenezaji wa kompyuta mpakato, badala ya kutegemea ile ya jumla ambayo Windows hujiwekea yenyewe.

Inapokwama kwenye 60

Monita ya 4K yenye uwezo wa hezi 144 inayokataa kupita 60 kwa kawaida imeunganishwa kwa HDMI 2.0, ambayo kwa 4K yenye rangi kamili imefika mwisho wake hapo. Hamia DisplayPort 1.4, yenye gigabiti 25.92 za kutumia, au HDMI 2.1 ikiwa pande zote mbili zinayo: kadi za NVIDIA kuanzia familia ya RTX 30 na za AMD kuanzia RX 6000, zote za mwaka 2020. Hapa yafaa kuonya kwamba jina la HDMI 2.1 halitoshi peke yake. Kanuni za HDMI zinaruhusu kifaa chenye uwezo wa 2.0 kiitwe 2.1, kwa hiyo tafuta kwenye maelezo ya monita ni gigabiti ngapi, au ni hezi ngapi kwa 4K, tundu hilo linazikubali. Ni desturi isiyomtendea haki mnunuzi, lakini ndivyo ilivyo.

Anayetumia Linux na kadi ya AMD ana sababu ya ziada ya kuchagua DisplayPort, kwa kuwa mwaka 2024 HDMI Forum, shirika linalosimamia HDMI, ilikataa pendekezo la AMD la kuingiza HDMI 2.1 katika draiva yake ya chanzo huria. Wenye kadi za NVIDIA za familia za GTX 900 na GTX 1000 wanapaswa kujua kwamba mwaka 2018 kampuni hiyo ilitoa programu ya kusasisha mfumo wa ndani wa kadi ili zifanye kazi sawasawa na DisplayPort 1.3 na 1.4.

DisplayPort 1.4 hubeba 4K kwa hezi 120 na rangi za biti 8 kwa shida, ikijaza karibu nafasi yote. Kwa hezi 144 hutegemea teknolojia ya kubana data iitwayo DSC, ambayo kadi na monita zote mbili lazima ziwe nayo. Monita za mwanzo za 4K na hezi 144, zilizotoka mwaka 2018, hazikuwa nayo; zilifika 144 kwa kupunguza taarifa za rangi. Hapo ndipo ule mstari wa mpangilio wa rangi ulioandika unapopata kazi. Ukiona 4:2:2 au 4:2:0 mahali pa RGB, yaani rangi kamili, kasi imepatikana kwa kutoa rangi sadaka, na dalili yake ni maandishi mekundu au ya buluu yanayofifia kingo juu ya mandhari meusi. Kwa kazi ya maandishi ningechagua hezi 120 zenye rangi kamili, hata kama 144 ipo kwenye orodha. Kuwasha HDR, yaani picha yenye mwanga na rangi za upeo mpana, nako huongeza biti kutoka 8 hadi 10 kwa kila rangi, na kwenye HDMI 2.0 hilo linatosha kuivunja hesabu ya hezi 60. Ukiona kasi au rangi imeshuka baada ya kuiwasha, izime kwanza.

Ukiona hezi 59 mahali pa 60, liache. Windows inaonyesha kasi ya 59.94 iliyorithiwa kutoka televisheni, na jicho haliwezi kuitofautisha.

Picha inayokatika

Kasi ikikubali kisha skrini ikawa inazima kwa sekunde moja na kurudi, au vitone vyeupe vikawa vinametameta hapa na pale, sasa mshukiwa wa kwanza ni kebo. Thibitisha kwa kushusha kasi ngazi moja: picha ikitulia kwa hezi 60 na kukatika kwa 120, kebo haiwezi mzigo huo, au ni ndefu mno. Unaponunua nyingine, usitafute namba ya toleo, kwa sababu kanuni haziruhusu kebo za HDMI kuandikwa namba za matoleo, na inayojigamba kuwa kebo ya 2.1 imekwisha kukwambia jambo kuhusu aliyeitengeneza. Tafuta maneno Premium High Speed kwa gigabiti 18, au Ultra High Speed kwa 48, pamoja na kibandiko chenye msimbo wa kuthibitisha kwa simu. Kwa DisplayPort 1.4 tafuta kebo iliyoidhinishwa na VESA, shirika linalosimamia DisplayPort, yenye alama ya DP8K. Nunua fupi kadiri meza inavyoruhusu. Mita mbili ni bora kuliko tano.

Kompyuta isiyoweza zaidi

Ipo hali ambapo kila kiungo kimekaguliwa na jibu likabaki kwamba kompyuta ina tundu moja tu, nalo ni HDMI 1.4. Usilazimishe kwa programu za kutengeneza kasi bandia. Huweza kuzalisha picha isiyoonekana, na kuiondoa bila skrini ni kazi ngumu. Kwa uandishi, uhasibu na kuvinjari intaneti, weka 2560 × 1440 kwa hezi 60, ambayo HDMI 1.4 inaimudu. Maandishi yatapungua makali kidogo, lakini mshale utatii mkono, na kwa saa nane za kazi utii huo una thamani kuliko pikseli. Anayeitumia monita kutazama filamu, ambazo nyingi hupigwa kwa fremu 24 kwa sekunde, anaweza kuiacha kwenye 4K na hezi 30 bila kupoteza cha maana.